Asilimia Mia ya Sitara

Kila siku, kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sitara alikuwa ameshateka maji, ameshafagia ukumbi na ameshabandika chai. Yeye, baba yake na babu yake waliishi katika vyumba viwili vya nyumba ya zamani, Kariakoo, iliyozungukwa na maghorofa pande zote hata jua likawa linafika uani saa sita tu. Baba yake, Twaha, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kivuko cha Magogoni. Aliondoka alfajiri. Kwa hiyo asubuhi ilikuwa ya Sitara na babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Aliposema salama hakuwa anadanganya, lakini pia hakuwa anasema kweli. Tangu mama yake, Badria, alipofariki mwezi wa Novemba, Sitara hakujisikia vibaya wala vizuri. Msibani hakulia. Majirani walimsifu kwamba ni mtoto jasiri. Yeye alijua kwamba ule haukuwa ujasiri. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, ila ganzi hii ilikuwa ya mwili mzima. Alikwenda shule, akarudi, akapika, akalala, na kesho yake akaanza tena.

Babu yake, Mzee Zahoro, hakuwa anaona. Macho yake yalizimika kidogo kidogo, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Lakini alikuwa ameshona nguo kwa miaka arobaini na mikono yake haikusahau. Kila asubuhi alishika bega la Sitara, wakatembea hadi kwenye baraza la duka moja la vitambaa, mahali alipoweka cherehani yake karibu na ya fundi mwenzake, Haruna. Hapo alishona foronya na mifuko, kazi za mistari iliyonyooka, na Haruna alimtungia uzi kwenye sindano.

Tatizo lilikuwa dawa. Babu alikuwa na presha na sukari. Saa nne, baada ya kula, alitakiwa kumeza kidonge kimoja cha presha na kimoja cha sukari. Vidonge vyote viwili vilikuwa vyeupe, vidogo, vya mviringo, na pakiti zake zilikuwa za rangi ya fedha zenye ukubwa uleule. Zamani Badria alifika barazani saa nne na kumpa babu mkononi. Sasa saa nne Sitara alikuwa darasani. Haruna aliwahi kujitolea, lakini babu alikataa.

"Mimi si mtoto wa kulishwa," alisema. "Nitafutieni njia nijihudumie mwenyewe."

Sitara alikuwa kidato cha kwanza, na shuleni kwao kulikuwa na klabu ya kompyuta iliyoongozwa na mwalimu wa hisabati, Mwalimu Pantaleo. Alikuwa mtu wa Masasi, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kufuta ubao kwa kiganja. Muhula ule aliwafundisha namna ya kujenga mtandao wa neva bandia, yaani programu inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano.

"Programu hii ina matabaka," aliwaeleza, huku akichora safu za vijiduara ubaoni. "Picha inaingia tabaka la kwanza, ambalo linatafuta mistari na rangi. Tabaka linalofuata linaunganisha mistari iwe maumbo. Linalofuata linaunganisha maumbo. Tabaka la mwisho linatoa jina: hili chungwa, hili limau. Ikikosea, inarekebisha viungo vyake kidogo, halafu inajaribu tena, mara elfu na elfu."

Kila mwanafunzi aliambiwa achague tatizo la nyumbani kwao. Sitara alichagua dawa za babu. Programu ingewekwa kwenye simu ya marehemu mama yake. Babu angeweka pakiti mezani, angeshika simu juu yake, na simu ingemtajia jina la dawa.

"Pigeni picha mia mbili," Mwalimu Pantaleo alisema. "Lakini arobaini kati ya hizo zifungieni kwenye folda ya peke yake. Programu isizione kabisa wakati wa kujifunza. Hizo ndizo za mtihani. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Jumamosi Sitara alitandika khanga kitandani kwa babu na kupiga picha za pakiti ya presha, moja baada ya nyingine, pembe hii na pembe ile. Mwanga ulipopungua akaacha. Jumapili aliweka pakiti ya sukari kwenye sinia pale uani na kupiga zake. Zilipofika mia mbili, mkono ulikuwa umechoka. Alikumbuka zile arobaini za mtihani. Akaona kuzitenga kutapunguza za kujifunzia, na kupiga nyingine ni kazi mpya. Hakuwa na nguvu ya kazi mpya. Aliiachia programu picha zote mia mbili ijifunze, kisha akaipa mtihani kwa picha arobaini alizochota kutoka kwenye hizo hizo.

Programu ilipata arobaini kati ya arobaini.

Siku ya klabu Mwalimu Pantaleo aliinama mbele ya kioo cha kompyuta na kuisoma namba ile mara mbili.

"Asilimia mia! Sitara, hizi za mtihani ulizitenga?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu la kweli lilikuwa neno moja. Sitara alitazama vijiduara vilivyokuwa bado ubaoni.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Darasa zima lilimpigia makofi. Ritha, aliyekaa naye dawati moja, alimtikisa mabega kwa furaha. Mwalimu alisema programu hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kwa wazazi mwisho wa mwezi. Sitara alingoja ajisikie furaha, au aibu, au chochote. Hakuna kilichokuja. Akakaa.

Jumapili iliyofuata waliijaribu nyumbani. Babu aliweka pakiti ya presha kitandani juu ya khanga, simu ikasema, "Dawa ya presha." Sitara akamwekea ya sukari kwenye sinia. "Dawa ya sukari," simu ikasema. Babu alicheka, kicheko ambacho hakikusikika nyumbani mle tangu Novemba.

"Kesho naenda nayo kazini," alisema.

Kesho yake, Jumatatu, saa tano na nusu, Mwalimu Pantaleo alimwita Sitara kutoka darasani. Baba yake alikuwa amepiga simu. Babu alikuwa ameanguka pale barazani, na Haruna alikuwa amemkimbiza kituo cha afya kwa bajaji. Twaha mwenyewe alikuwa njiani akitokea Magogoni.

"Chukua mkoba wako," mwalimu alisema. "Nakupeleka."

Bajaji ilipenya kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, na Sitara alisoma maandishi ya maduka kimya kimya, moja baada ya jingine, kana kwamba ndiyo kazi aliyotumwa.

Walimkuta babu amelala kitandani, mrija wa dripu mkononi, macho wazi. Alikuwa na rangi ya majivu lakini alikuwa anaongea. Haruna alisimama kando yake na tepu ya kupimia bado shingoni.

"Mwanangu, alianza kutetemeka," Haruna alisema. "Jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Namwita, ananijibu mambo yasiyoeleweka. Mara akaangukia cherehani."

Daktari aliingia akiwa na kadi ya babu. Alikuwa mama wa makamo, jina lake Hyasinta.

"Shikamoo, daktari," Sitara alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mjukuu? Babu yako sukari ilishuka sana. Tumemwongezea, sasa imekaa vizuri. Inaonekana alikula kidogo."

"Kipande kimoja cha muhogo," Haruna alisema. "Alisema hana hamu."

"Ndiyo maana. Na dawa alikunywa kama kawaida?"

"Kama kawaida kabisa, daktari. Ile simu ndiyo inamtajia. Nimeisikia kwa masikio yangu. Aliweka pakiti juu ya kile kitambaa cha maua anachoshonea foronya, simu ikasema presha, akameza kimoja. Akarudisha kwenye mfuko. Akatoa tena pakiti, akaiweka kwenye sahani ya bati ya chai, simu ikasema sukari, akameza kimoja. Basi."

Daktari aliandika kwenye kadi. "Sawa. Dripu ikiisha mnaweza kumchukua. Akapumzike nyumbani."

Sitara alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Kitambaa cha maua. Sahani ya bati. Aliviona vyote viwili kama vilivyokuwa kwenye picha zake: khanga ya maua chini ya pakiti za presha, sinia chini ya pakiti za sukari, picha mia mbili, bila hata moja iliyochanganya. Babu alikuwa ametia mkono mfukoni mara mbili. Hakuna aliyejua kama alitoa pakiti mbili au pakiti ileile.

Mwalimu Pantaleo alikuwa nyuma yake. Haruna alikuwa anamsifu aliyeitengeneza programu ile kwa akili. Angenyamaza, hakuna ambaye angeuliza.

"Daktari," Sitara alisema. Sauti yake ilitoka bila kupanda wala kushuka. "Simu inaweza kuwa imekosea."

"Imekosea vipi?"

"Haikupewa mtihani wa kweli. Niliijaribu kwa picha zilezile ilizojifunzia. Nilimdanganya mwalimu."

Hakumgeukia mwalimu. Aliomba mfuko wa dawa, na Haruna akautoa. Pakiti ya presha ilikuwa mpya. Sitara mwenyewe ndiye aliyeiweka jana, na vidonge vyote kumi vilikuwamo. Pakiti ya sukari nayo aliiweka mpya. Ilikuwa na matundu mawili.

Daktari Hyasinta aliichukua, akaitazama, kisha akaifuta ile sentensi aliyoiandika kwenye kadi.

"Haondoki," alisema. "Kidonge hiki kinafanya kazi mwilini kwa saa nyingi, na amemeza viwili. Sukari inaweza kushuka tena hata baada ya dripu. Atalala hapa mpaka kesho, tutampima kila saa."

Ilipofika saa tisa alasiri ilishuka tena. Babu alianza kuongea maneno yasiyo na mpangilio, akamwita Sitara kwa jina la Badria. Muuguzi alikuwa pale pale na kipimo, na dripu nyingine ilikuwa tayari. Ndani ya muda mfupi babu aliuliza ni saa ngapi na kwa nini hajaletewa chakula.

Daktari alimvuta Sitara na baba yake kando.

"Angekuwa nyumbani sasa hivi," alisema, "mngedhani amelala usingizi."

Twaha aliangalia chini. Mikono yake ilikuwa bado na grisi ya kivukoni. Sitara alingoja amgombeze. Baba alimwekea mkono kichwani, akauacha pale kwa muda, kisha akaenda kununua uji. Sitara alitamani angemgombeza.

Siku mbili baadaye babu alikuwa amerudi nyumbani, na Sitara alirudi klabuni. Ritha alimsogelea kabla mwalimu hajaingia.

"Mambo?"

"Poa."

"Sikiliza, we futa tu hiyo programu," Ritha alinong'ona. "Useme simu imeharibika. Siku ya wazazi ataonyesha mtu mwingine. Nani atajua?"

"Mwalimu anajua."

"Hajamwambia mtu."

Ni kweli, Mwalimu Pantaleo hakuwa amemwambia mtu. Aliingia, akasalimiwa, akaenda moja kwa moja kwenye dawati la Sitara na kuvuta kiti.

"Babu anaendeleaje?"

"Ameamka vizuri. Anataka kurudi kazini."

"Namshukuru Mungu. Una ile khanga ya kwenye picha zako?"

Sitara alishangaa, lakini alikuwa nayo mkobani. Mwalimu alimwambia aitandike mezani. "Sasa elekeza simu juu yake. Bila dawa."

Sitara alielekeza. Juu ya meza hapakuwa na pakiti wala kidonge, ila khanga tupu yenye maua mekundu.

"Dawa ya presha," simu ilisema kwa sauti aliyoirekodi Sitara mwenyewe.

Ritha aliziba mdomo. Sitara aliielekeza tena, na simu ikarudia jibu lile, bila wasiwasi wowote.

"Umeona?" mwalimu alisema taratibu. "Haikujifunza dawa. Ilitafuta njia rahisi ya kupata maksi, ikaona kwamba kujua kitambaa kunatosha. Ni kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana. Ukimpa mtihani uleule anapata mia. Ukibadilisha swali moja, ameisha. Programu inatakiwa ifaulu kwa kitu ambacho haijawahi kukiona. Ndiyo maana tunatenga picha."

"Nilijua, mwalimu," Sitara alisema. "Ulitufundisha. Nilichoka tu."

"Ulikuwa na haki ya kuchoka," mwalimu alisema. "Ungeniambia umechoka, ningekusaidia kupiga picha. Uliniambia umemaliza, nikakupigia makofi. Sasa tuanze upya."

Jambo la kwanza lilikuwa kuipa programu ile ya zamani mtihani wa haki. Sitara alimwomba Haruna apige picha mia moja pale barazani, bila yeye kuwapo, popote atakapopenda. Haruna alipiga juu ya meza, juu ya goti, juu ya gazeti, ndani ya kiganja cha babu. Sitara aliziingiza kwenye kompyuta. Programu ilipata hamsini na nane. Angekisia kwa kufumba macho angepata karibu hivyo hivyo.

Aliiandika namba hiyo kwenye daftari lake: 58. Chini yake akaandika tarehe. Picha za Haruna akazifungia kwenye folda yake, wala hazikutumika kujifunzia hata moja.

Wiki mbili zilizofuata alikusanya picha mpya mia sita. Ritha alipiga nyingine kwao Magomeni. Walipiga penye jua na penye kivuli, pakiti ikiwa nzima na ikiwa imekunjwa, dawa zote mbili juu ya kila kitambaa na kila meza, ili kitambaa kisiweze kusaidia tena. Mwalimu aliwaonyesha namna ya kuzigeuza na kuzififisha kidogo picha zile ili programu izoee. Akawaonyesha pia kuzima baadhi ya vijiduara vya kati kwa zamu wakati programu inajifunza, ili isiegemee alama moja tu. Kisha akawafundisha kujua wakati wa kusimama.

"Picha nyingine mia tumetenga za kuchungulia," alisema. "Angalieni makosa kwenye hizo. Yakiwa yanapungua, endeleeni. Yakianza kuongezeka wakati yale ya kujifunzia yanazidi kupungua, simamisheni. Hapo ndipo kukariri kunapoanza."

Sitara alifanya kila alichoambiwa. Bado asubuhi zilikuwa zilezile, na bado alipoulizwa alijibu salama. Lakini aligundua kwamba anangoja matokeo. Kungoja kitu lilikuwa jambo alilokuwa amelisahau.

Programu mpya ilipojaribiwa kwa zile picha za Haruna ambazo haikuwahi kuziona, ilipata tisini na nne. Ritha alipiga kelele. Sitara alizitazama picha sita zilizokosewa, moja moja. Katika mbili kati ya hizo, pakiti ilikuwa kwenye kiganja cha babu.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, alimsomea babu namba zote, kuanzia ile ya uongo.

"Kwa hiyo katika mia inakosea sita," babu alisema.

"Ndiyo. Kwa dawa, sita ni nyingi. Sitaki uitumie kwa dawa, babu."

"Hilo ni jambo la busara. Lakini mbona tangu mwanzo hukuniuliza mimi? Picha mia mbili umepiga, hujaniuliza hata swali moja. Mimi ni fundi. Niletee kipande cha kitambaa."

Alishona mifuko miwili midogo. Mmoja aliutia kifungo kimoja kikubwa, wa pili vifungo vitatu vidogo. Kimoja presha, vitatu sukari. Sitara angepanga pakiti kila asubuhi, na Haruna angetupia jicho saa nne. Daktari Hyasinta alipoonyeshwa mifuko ile aliifungua na kuifunga mara kadhaa akiwa amefumba macho, akasema atawaambia wagonjwa wengine wasioona. Programu babu hakuitupa. Sitara alianza kuifundisha rangi za nyuzi, kazi ambayo ikikosea, foronya tu ndiyo itakayoshonwa vibaya.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Baba alikuja na sare yake ya kivukoni, babu akakaa mbele kati yake na Haruna. Sitara alisimama karibu na ubao. Hakuandika tisini na nne kwanza. Aliandika 100, akaeleza alivyoipata na kwamba alipoulizwa alisema uongo. Akaandika 58, akaeleza kilichompata babu. Ndipo akaandika 94, na chini yake: makosa sita. Katikati ya maelezo sauti yake ilikatika, akasubiri mpaka irudi, kisha akamaliza.

Mzazi mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, nimeshangaa. Watoto wengine wameonyesha tisini na nane, tisini na tisa. Kwa nini umetuonyesha wa tisini na nne?"

Mwalimu Pantaleo alisimama.

"Kwa sababu hii naijua imetoka wapi," alisema. "Wanangu, nisikilizeni na ninyi. Namba kubwa yeyote anaweza kuipata, akijipa mtihani ambao majibu anayo. Kazi ni kujipima kwa kitu usichokijua na kusema ulichopata, hata kikiwa hamsini na nane. Uongo wa Sitara ulimlaza babu yake hospitali. Ukweli wake, aliousema mbele ya mwalimu wake bila kulazimishwa na mtu, ndio uliofanya alale pale usiku ule na si nyumbani. Mkichoka, semeni mmechoka. Mkikosea, semeni mmekosea mapema, wakati bado kuna mtu wa kusaidiwa."

Kisha akawageukia wanafunzi wa klabu waliokuwa wamepanga kompyuta zao ukutani.

"Wa tisini na nane na wa tisini na tisa," alisema, "Jumatatu mje na picha zilizopigwa na mtu mwingine. Tuanze kuzijaribu upya."